Ukuta Nyuma ya Altare

Nilipima mara tatu, na mara ya tatu nikatukana ndani ya kanisa. Tusi lenyewe lilikuwa dogo, la Kikamba, lakini mama mmoja aliyekuwa akipanga maua mbele aligeuka akanitazama mpaka nikaomba radhi. Nje, kutoka kona hadi kona, kanisa lilikuwa na urefu wa mita kumi na tano na sentimita sitini. Ndani, mita kumi na nne na sentimita ishirini. Ukitoa unene wa kuta mbili, wa mlangoni na wa altareni, bado karibu mita nzima ilikuwa imepotea na sikujua imekwenda wapi.

Mimi huchora ramani za majengo. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimepima nyumba za watu katika mitaa hii ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, nikakuta ngazi zinazopanda hadi kwenye dari na kuishia hapo, vyoo vilivyosahauliwa mlango, ghorofa nne zilizoongezwa juu ya msingi wa ghorofa mbili. Sishtuki upesi. Lakini jengo linalomeza mita moja sikuwa nimeliona, tena jengo lenyewe ni kanisa nililobatiziwa, kanisa ambalo kuta zake zilijengwa na baba yangu mzazi. Nikakunja utepe wangu wa kupimia, nikarudi nyumbani kwangu mtaa wa Fedha nimenuna, nikijiambia kwamba macho yangu sasa yanataka miwani mingine.

Kanisa liko mtaa wa Mowlem, na ukilitafuta bila kuelekezwa utalipita. Limezungukwa na maghorofa ya kupangisha, marefu kiasi kwamba ikifika saa tisa alasiri jua limeshaondoka na anayesoma somo anahitaji taa. Nguo zilizoanikwa kwenye roshani za juu hudondosha maji juu ya mabati, na Jumapili ambayo wengi wamefua utadhani mvua inanyesha. Katikati ya zogo hilo limechuchumaa kanisa la shamba. Sisemi hivyo kwa dharau. Lilipojengwa, hapo palikuwa shamba kweli: nyasi, mbuzi, mashimo ya mawe, na njia ya miguu ya kwenda Dandora. Waliolijenga walikuwa wametoka vilima vya Ukambani, nao wakajenga kanisa walilolijua, lile la nyumbani. Kuta fupi za mawe ya kijivu, madirisha sita membamba kila upande, mlango mmoja wa mbao ngumu uliochongwa matawi ya mitende, na paa lililoshuka chini sana hivi kwamba mwanamume mrefu huinama akipita ubavuni. Kule vilimani paa hushushwa hivyo kwa sababu ya upepo. Mowlem hakuna upepo wa kung'oa mabati, lakini walilileta paa pamoja na woga wake.

Pambo la pekee la nje ni matundu madogo yenye umbo la msalaba, yamepangwa mstari mmoja chini kabisa ya ukuta wa altare, karibu na ardhi. Ni kumi na moja. Nilipokuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, katekista alitufundisha kwamba hao ni mitume, na kwamba ni kumi na mmoja kwa sababu Yuda ametolewa. Nililijibu swali hilo vizuri mbele ya padri nikapigiwa makofi. Sisi watoto tulikuwa tukisukumia humo maganda ya peremende, na hakuna aliyewahi kujiuliza yanaangukia wapi.

Mwaka huu iliamuliwa kwamba kanisa libomolewe. Watu wamekuwa wengi, wanasimama nje kwenye jua, na baraza la parokia linataka kanisa kubwa lenye ghorofa ndani. Sikupinga. Nikaombwa nilichore lile la zamani kabla halijaanguka, na niandike historia yake katika kijitabu cha kugawiwa Jumapili ya mwisho. Nilikubali kwa majivuno, maana baba yangu, marehemu sasa, ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa mawe.

Historia yenyewe ilikuwa imeshaandikwa. Iko kwenye ubao karibu na mlango, kwa rangi nyeupe juu ya nyeusi: kwamba hapo mwanzo waumini walisali chini ya turubai, kisha wanaume wa parokia, madereva na makarani na mafundi, wakachimba msingi kwa mikono yao na kuinua kuta. Yanafuata majina ya wanaume hao, na la baba yangu ni la tatu. Katekista wa sasa, mzee mwenye adabu nyingi aliyehamia hapa kutoka Murang'a baada ya kanisa la mawe kukamilika, husoma ubao huo kwa sauti kila sikukuu ya parokia.

Na kila sikukuu ya parokia, mama yangu hubisha.

"Kabla ya hayo mawe kulikuwa na kanisa," husema. "La udongo. Tulilijenga sisi wanawake saba, wanaume wakiwa kazini. Wanaume walipokuja kushika mwiko, sisi tulikuwa tumeshasali mle ndani miaka mitatu."

Hakuna aliyemwamini. Wenzake sita, wengine wamefariki na wengine walirudi shamba zamani, hakuna wa kumshuhudia; wanaume wa ubaoni nao walikumbuka turubai tu mpaka walipofariki. Katekista humwambia kwa upole kwamba pengine anachanganya na kanisa la nyumbani, kule milimani, na mama husonya. Sisi watoto wake tulikuwa wabaya kuliko katekista. Krismasi, tukiwa mezani, akianza tu kufungua kinywa, mmoja wetu angemalizia, "Wanawake saba!" na meza nzima ingeangua kicheko. Mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kumwigiza, mpaka ile namna yake ya kuinua kidole. Naandika haya nikiona aibu.

"Muulizeni baba yenu," angesema.

Tungemgeukia baba. Baba angesema, "Hayo ni ya zamani, yaacheni," kisha angenyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio.

Tangu habari za kubomoa zitangazwe, mama alitaka jambo moja tu. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni pake, kwenye chumba kile kile cha Mowlem alichokataa kuhama. "Kabla hawajalivunja, nataka isemwe mbele ya watu kwamba wanawake walijenga. Hata mara moja. Basi." Alikuwa amekwenda ofisini kwa padri mara mbili, akakaribishwa chai, akasikilizwa, akasindikizwa mpaka geti. Wakati huo mimi nilikuwa na kijitabu chote mikononi mwangu. Ningeweza kuandika nilichotaka.

Niliandika turubai.

Nilimsomea mama rasimu yangu nikitarajia asifu Kiswahili changu. Nilipofika kwenye turubai alivua miwani, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Nilipomaliza akasema nimeandika vizuri, akaniuliza kama nitakunywa chai. Niliinywa, nikaondoka, wala moyo haukuniuma. Hilo ndilo linalonishtua hadi leo.

Kwa hiyo niliporudi kanisani na fundi, siku moja baada ya kupima, sikuwa namtafutia mama chochote. Nilikuwa naitafuta mita yangu. Fundi huyo anatoka Dandora, tumefanya kazi pamoja miaka mingi, na ni mtu mzima asiyependa maneno. Alichukua nyundo ndogo, akagonga ukuta wa ubavuni, akasikiliza. Akagonga ukuta wa altare, akasikiliza zaidi.

"Madam, hii ukuta inajibu vibaya," alisema. "Ile ya huko imejaa. Hii iko na tumbo tupu."

Tukatoka nje. Akachuchumaa mbele ya mitume wangu kumi na mmoja.

"Na hizi nani alikushow ni za nini?"

"Ni mitume. Bila Yuda."

Alinitazama kwanza kuona kama natania. "Mitume gani, madam? Hizi ni za hewa. Kuna mtu alifungia kitu hapa ndani na hakutaka ioze."

Alitafuta kipande cha waya, akakinyoosha, akakiingiza kwenye tundu la kati. Waya uliingia, ukaendelea kuingia, halafu ukagota kwenye kitu kisicho kigumu kama jiwe. Akauzungusha, akauvuta taratibu, akanipa niushike. Nchani ulikuwa na vumbi jekundu.

Asiyeishi Eastlands hawezi kujua kwa nini nilishtuka vile. Udongo wa huku ni mweusi. Mvua ikinyesha unavimba na kung'ang'ania kiatu mpaka unatembea na kilo mbili kila mguu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza kijiko. Ukichimba Mowlem hadi kwenye mwamba, hutakutana na konzi moja ya udongo mwekundu. Ule ni udongo wa kwetu, wa vilimani. Niliushika ule waya na sauti ya mama ikanijia kichwani, wanawake saba, wanawake saba, na mara hii haikunichekesha.

Tulimwendea padri. Alipinga mwanzoni, akasema altare haiguswiguswi. Nikamwambia, kwa ukali ambao sikuupanga, "Fada, wiki ijayo mnaleta tingatinga. Jiwe moja lina nini?" Akacheka kidogo, akakunja mikono ya kanzu, akaja kusimama nasi. Fundi alikwangua saruji kuzunguka jiwe moja lililokuwa usawa wa kifua changu, akalivuta. Akatoa la pili, la tatu, la nne. Akawasha taa ya simu, akachungulia, akarudi nyuma, akanipisha.

Kulikuwa na ukuta mwingine ndani. Mwekundu, mkavu, mzima, umesimama peke yake katika nafasi ile, mbele yake wazi na nyuma yake wazi. Ulikandikwa kwa mikono. Vidole vilikuwa vimepita juu ya udongo ukiwa bado mbichi, vikaacha mawimbi toka upande hadi upande, na mawimbi yale hayakuwa ya mkono mmoja: hapa yamebanana, pale yametanuka, kwingine yamelala kama maandishi ya mtu mwenye haraka. Nilikaa kwenye ngazi ya altare, mahali ambapo sina ruhusa ya kukaa, na masikio yakaniwaka kwa aibu. Padri alichungulia baada yangu akasema "Mungu wangu" mara nyingi.

Fundi yeye alikuwa anautazama ukuta wa mawe, si wa udongo. Alipitisha kidole kwenye viungo. "Aliyejenga hii alikuwa na mkono," alisema. "Ameweka mawe nyuma, ameweka mawe mbele, na kote ameacha nafasi. Ameweka hewa chini, na juu pale chini ya mabati iko ingine, cheki. Hii haikufichwa na haraka. Mtu alikaa chini akafikiria."

"Ni baba yangu," nikasema.

Nilikwenda kwa mama karibu nikikimbia. Nilipanda ngazi za jengo lake nikiwa na furaha ya kijinga, kama mtu aliyebeba zawadi. Alikuwa ameketi na ungo mapajani anachambua ndengu. Nikampa simu yenye picha.

Aliitazama muda mrefu. "Hii ni wapi?"

"Nyuma ya altare, Mama. Bado uko. Hawakuuvunja."

Mkono wake ukatulia juu ya ndengu. Kisha akanisimulia, na kwa mara ya kwanza maishani nilimsikiliza mpaka mwisho.

Walipofika Mowlem, alisema, walikuwa bado na akili ya nyumbani. Nyumbani ukitaka ukuta, unachimba pale uliposimama. Wakachimba. Wakaponda ule udongo mweusi kwa miguu, wakaimba, wakakandika kanisa zima kwa majuma matatu, na walipomaliza wakaona wameweza mjini. Mvua ya kwanza ikavimbisha kuta, jua la kwanza likazipasua, na Jumapili moja wakati wa sala ya waumini ukuta wa kaskazini ulijilaza chini wote, taratibu, hata hakuumia mtu. "Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu," alisema mama. Dereva mmoja akaazima turubai la lori, likafungwa juu ya miti, ibada ikaendelea. Turubai hilo lilikaa zaidi ya mwaka. Ndilo wanaume walilolikumbuka, kwa kuwa lilikuwa lao.

Wanawake hawakukata tamaa. Waliamua kwamba kila atakayekwenda nyumbani, iwe ni kupanda au kuvuna au kuzika, atarudi na gunia la udongo mwekundu. Wengine walirudi mjini na maembe na mahindi, wao wakarudi na udongo. Makondakta waliwauliza kama Nairobi ardhi imeisha. Ilichukua karibu mwaka. Walipopata wa kutosha wakauchanganya na mavi ya ng'ombe na majani makavu, wakajenga tena, na mara hii kila mmoja alipewa kipande chake cha ukuta wa altare akikandike peke yake, ili mbele ya Mungu kila mkono uonekane. Kanisa hilo halikupasuka.

Baada ya miaka mitatu wanaume wakaamua kujenga la mawe. Ili ibada isikatike hata Jumapili moja, baba aliinua kuta za mawe kuzunguka zile za udongo, kwa nje, kanisa ndani ya kanisa. Watu waliendelea kusali ndani huku mawe yakipanda. Paa jipya lilipowekwa ndipo wakaanza kuvunja la zamani kutoka ndani na kulitoa mlangoni kwa karai.

"Mimi sikuwepo," alisema mama. "Nilikuwa nimeenda nyumbani kukuzaa wewe. Nilirudi nikakuta kila kitu ni mawe. Nikamuuliza baba yako, ukuta wetu wa altare uko wapi? Akaniambia, tumeuvunja, tumeutoa na karai kama ile mingine. Nililia. Ulikuwa mgongoni mwangu, ukaamka, tukalia wote wawili."

Akanirudishia simu.

"Kwa hivyo alijua," akasema.

Jamani. Mimi mchoraji wa ramani, mtu wa kupima kila kitu, nilikuwa nimepanda ngazi zile bila kuliona hilo. Nilikuwa nimeuona mkono wa baba kwenye mawe nikafurahi, na sikuwa nimefikiria hata kidogo maana yake kwa mwanamke huyu. Uso wake haukuwa na furaha ya kuaminiwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyepokea habari za msiba.

"Mama, aliutunza," nikasema upesi. "Aliuachia matundu ya hewa. Fundi amesema alifikiria sana. Angetaka kuuvunja si angeuvunja?"

"Aliutunza ukuta. Mimi je?"

Nikairudisha simu mfukoni.

"Miaka yote hiyo," aliendelea, na sauti yake haikupanda, "naitwa mwongo kwa meza yangu mwenyewe, na yeye anaongeza redio."

Nikamuuliza kwa nini baba angefanya hivyo. Alifikiria. Pengine aliona haya, alisema, kwa sababu alikuwa fundi wa mawe na mafundi wenzake walimtania kwamba mke wake alimtangulia kujenga kanisa. Pengine wale wanaume wengine walimwambia avunje, naye akashindwa kuvunja na akashindwa pia kuwaambia ameshindwa. "Sijui. Lakini angeniambia mimi. Kwa sauti ya chini tu, mimi na yeye. Ningenyamaza pamoja naye mpaka leo." Akauvuta ungo, akaendelea na ndengu zake. Nikamwambia twende nimwoneshe. Akakataa. Atauona Jumapili, alisema, pamoja na watu wengine.

Siku nne zilizobaki zilikuwa za kukimbizana. Habari zilienea jumuiya kwa jumuiya, watu wakaja kuchungulia kwenye tundu kwa zamu. Katekista alikwenda mwenyewe kwa mama kuomba msamaha, akalia, akapewa chai. Padri aliuliza kama ukuta unaweza kuhamishiwa kanisa jipya, fundi akatikisa kichwa: ukiugusa unamwagika. Basi ikaamuliwa mawe ya ndani yatolewe yote, watu wauone Jumapili hiyo ya mwisho. Mimi nikaandika upya kijitabu. Niliwaandika wanawake saba, magunia, mvua, turubai la lori. Halafu nikafika kwa baba, na kalamu ikaanza kubembeleza. Niliandika kwamba alilinda kazi ya mkewe kwa upendo wa kimya. Padri alipoyasoma alisema hayo ndiyo mahubiri yake. Katekista alisema ni mfano kwa wanandoa vijana. Mimi niliyapenda pia, tusidanganyane. Nilimpenda sana baba yangu, na sentensi ile iliniruhusu niendelee kumpenda bila usumbufu. Sikumsomea mama.

Jumapili watu walijaa mpaka kwenye lango. Ukuta mwekundu ulikuwa wazi wote nyuma ya altare, na kila aliyeingia alisimama kwanza, mdomo wazi, mpaka wa nyuma amsukume. Vijitabu viligawiwa. Padri alihubiri vizuri, alisema upendo wa kweli haujitangazi, alimtaja fundi aliyeacha matundu ili kazi ya mke wake ipumue. Wanawake walipangusa macho. Mimi nilimtazama mama, aliyekuwa ameketi kando yangu na kitambaa chake cheupe kichwani. Alikuwa amefungua kijitabu kwenye ukurasa wangu wa mwisho na amekishikilia hapo.

Alipoitwa kusema, hakwenda kwenye kipaza sauti. Alipita altare, akasimama mbele ya ukuta, umbali wa mkono, asiuguse. Kanisa lilinyamaza kiasi kwamba nilisikia maji yakidondoka juu ya mabati.

"Hapa," alisema, akionesha kipande cha kwanza kushoto, "huyu alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Oneni mistari imelala huku. Alikuwa anauza mkaa. Alirudi nyumbani, sijui kama yuko hai." Akasogea. "Huyu alikuwa mwembamba, vidole vyake vimebanana. Alikufa akijifungua, hakuliona hata lile la mawe. Huyu alikuwa na haraka siku zote. Huyu ndiye aliyebeba magunia mengi, alibeba mara tano." Akawapitia wote sita, jina kwa jina, kwa mikono yao. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuyasikia majina hayo. Akafika kipande cha mwisho, ambacho mawimbi yake yalikuwa mapana na yamenyooka. "Na hapa ni mimi."

Watu walipiga makofi, wengine wakapiga vigelegele. Alingoja wamalize. Kisha ndipo alipokichukua kipaza sauti.

"Fada amesema mume wangu alitunza huu ukuta na upendo. Nashukuru. Alikuwa fundi mzuri, hakuna wa kumshinda, na mmeona wenyewe. Lakini mnisikie vizuri, kwa sababu kesho hakutakuwa na ukuta wa kunishuhudia. Aliniambia ameuvunja. Nikasema hapa kulikuwa na ukuta, nyinyi mkasema hakukuwa. Na yeye alikuwa ameketi pale, benchi la tatu, anautazama kila Jumapili, na akanyamaza."

Minong'ono ilizunguka kanisa zima. Padri alitazama viatu vyake. Kote kulikonizunguka watu walikuwa wameshika kijitabu changu.

"Na huyu binti yangu aliyeandika hiki kitabu," mama akaendelea, akininyooshea kidole, "amenicheka tangu akiwa mtoto. Lakini yeye hakuwa anajua. Huyu nimemsamehe."

Akageuka kuutazama ukuta, akaugeukia tena umati.

"Baba yake, bado."

Akamrudishia padri kipaza sauti, akashuka, akaja kuketi pale pale kando yangu, na mimi sikuthubutu kumtazama.